Boli kwa Mkono wa Kuume

Msinicheke ninapokaa. Magoti haya mnayoyasikia yakilia yamechuchumaa nyuma ya wadakaji wa Lubumbashi kwa zaidi ya miaka thelathini, na hakuna mtu aliyeyalipa pensheni. Pensheni ninayopata ni ya ualimu, kwa sababu siku za juma nilikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo shuleni. Lakini siku yangu yenyewe ilikuwa Jumamosi, nilipovaa barakoa ya chuma na kuwa mwamuzi wa besiboli. Watu waliniita Maître, yaani mwalimu, shuleni, wakaniita Maître uwanjani, na mpaka leo mke wangu akikasirika ananiita hivyo hivyo mbele ya wageni.

Juzi wawili wenu mlikuja hapa kwangu, mtaa wa Hewa Bora, mkanionyesha kile kidude cha plastiki mnachofinya kwa kidole gumba ili kuhesabu. Nikakishika, nikakizungusha. Ni kizuri, sikatai. Kisha mmoja wenu akaniuliza: “Papa Maître, zamani mulikuwa munahesabu na nini?” Nikawapa soda, nikabadilisha maneno. Nilifanya vibaya. Jibu lipo, ila ni refu, na ndani yake kuna kosa langu ambalo lilimharibia jina mtu asiye na hatia. Leo nalitoa lote.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe, maana hata kati yenu mnaovaa jezi wapo wanaobabaisha. Kila mpigaji anapokuja na gongo lake, anakuja na dirisha lake. Upana wa dirisha ni upana wa kile kibao kilichoko chini, miguuni pake. Kizingiti cha chini ni chini kidogo ya goti. Cha juu ni katikati ya kifua. Mrefu ana dirisha refu, mfupi ana dirisha fupi, na mwamuzi halipimi kwa rula, analipima kwa jicho tangu mtu anaposimama. Mpira wa mrushaji ukipita ndani ya dirisha na mpigaji akauangalia tu, hiyo ni straiki. Akizungusha gongo na kukosa, ni straiki pia, hata kama mpira ulikuwa unaruka juu ya kofia yake. Ukipita nje ya dirisha na yeye akatulia, hiyo ni boli. Boli nne, anatembea bure hadi kituo cha kwanza. Straiki tatu, anarudi kukaa. Akiupiga ukaenda pembeni, nje ya mistari, ni straiki, lakini huo wa pembeni haumtoi: akiwa na mbili, anabaki na mbili, hata apige pembeni mpaka mama wa mikate afunge meza.

Tunataja boli kwanza, straiki baadaye. Mwamuzi akisema “mbili, moja,” ni boli mbili, straiki moja. Na hesabu hiyo ndiyo inayowabadilisha watu. Mpeni mrushaji boli tatu bila straiki, mtaona anavyopangusa mikono kwenye suruali. Mpeni mpigaji straiki mbili, atazungusha gongo kwa kila kitu, hata nzi. Mwenye nafasi ya kungoja anangoja mpira anaoupenda. Asiye na nafasi hangoji. Kwa hiyo asiyejua hesabu hajui anachocheza.

Mimi mambo haya nilifundishwa na Papa Kabwe, fundi wa mitambo. Kampuni yake ilimpeleka ng'ambo kujifunza mashine, akarudi na glovu moja, mpira mmoja, na kitabu cha sheria kisicho na jalada. Wenzake walirudi na redio na suti, wakamcheka sana. Ni yeye aliyekata kibao chetu cha kwanza kutoka kwenye mkanda mkuukuu wa kubebea mawe ya mgodi. Barakoa alinichomelea kwa nondo. Ilikuwa nzito kiasi kwamba nikiinama, ilinivuta nikamwangukia mdakaji, yule anayepokea mpira mbele yangu. Magongo tulichongewa na seremala kwa mti wa mulombwa, mekundu na mazito, na mtu akipiga vizuri mikono inamuuma hadi Jumatatu.

Papa Kabwe aliniweka nyuma ya mdakaji mwezi mzima bila ruhusa ya kusema neno. Nilikuwa naangalia tu. Siku aliponiruhusu kusema, nikasema mapema mno. Mpira ukiwa bado njiani nalia “Boli!”, mpira nao unajikunja na kuingia dirishani mbele ya watu wote. Akaniita pembeni.

“Maître, uko na haraka ya kwenda wapi?”

“Papa, niliona inatoka nje.”

“Uliona ikiwa bado kufika. Mupira ikifika mu glovu, sema kwanza mu roho jina ya bibi yako. Kiisha, fungua kinywa.”

Bibi yangu, yaani mke wangu, anaitwa Marie-Joséphine. Basi nikawa mwamuzi mwenye kukawia kuliko wote Katanga. Wachezaji waliuliza kama nimesinzia. Lakini tangu siku hiyo nilikosea mara chache sana, na shauri hilo ninawapa ninyi bure: mpira hautakimbia, umeshafika. Kawieni kidogo.

Sasa, tulihesabu na nini? Na mawe. Mfukoni mwa kushoto nilikuwa na vipande vitatu vya malakiti, yale mawe ya kijani wanayookota watoto, kwa ajili ya boli. Na vipande viwili vya mabaki meusi ya tanuri la shaba kwa ajili ya straiki. Kila mrusho nahamisha jiwe mfuko hadi mfuko. Ilienda vizuri mpaka mfuko ulipotoboka. Siku hiyo nilimweka mpigaji mmoja mbele yangu kwa boli tano, na maskini wa Mungu hakusema kitu, alidhani ni sheria mpya. Ni Papa Kabwe aliyeona malakiti juu ya kiatu changu. Alicheka akakaa chini kabisa. Akaniambia niache mambo ya mawe: niseme hesabu kwa sauti kila mrusho, na niinue vidole. Kitabu kilisema boli mkono wa kushoto, straiki mkono wa kuume, na sifuri ni ngumi.

Nikafanya hivyo miaka miwili. Kisha Papa Kabwe akastaafu, akarudi kwao Kasenga, nikabaki mimi mkubwa wa waamuzi. Na ndipo nilipokutana na Papa Mukendi.

Papa Mukendi alikuwa mkuu wa baraza la parokia iliyotupa uwanja. Mtu wa Kasai, mzee wa suti tatu, mwenye kusema taratibu. Siku moja akaja kuangalia huo mchezo unaovunja vioo vya sakristia. Wakamwekea kiti ukutani, nyuma ya mrushaji, uso kwa uso na mimi. Mrusho wa kwanza ukatoka nje ya dirisha. Nikasema “Boli!” na nikainua kidole kimoja cha mkono wa kushoto, moja kwa moja kuelekea uso wa Papa Mukendi.

Akasimama. “Eeh! Ule muntu ananionyesha mukono ya kushoto? Miye?”

Akachukua kiti chake mwenyewe, akaondoka nacho. Na ufunguo wa uwanja ukaondoka naye, mfukoni mwake.

Ninyi wa leo mnaweza kuona ni jambo dogo. Lakini kwetu mkono wa kushoto humpi mkubwa kitu nao, humpokei nao, sembuse kumnyooshea kidole mbele ya waumini. Jioni ile nilivaa koti, mke wangu akabeba sukari, tukaenda kuomba msamaha.

“Papa, si kukosa heshima. Njo règlement, sheria ya mchezo,” nikamwambia.

“Huyu règlement hana baba na mama? Hawakumufundisha?”

Nikaeleza yote: boli, straiki, vidole, ngumi. Alisikiliza amefumba macho. Mwishoni akaamua. “Kile munasema kwanza, muonyeshe na mukono ya kuume. Mukono ya kushoto ifuate nyuma. Pale haina matata.” Nikasema ndiyo, Papa. Asubuhi ufunguo ukarudi.

Basi kuanzia hapo Lubumbashi yote ilihesabu boli kwa mkono wa kuume na straiki kwa wa kushoto. Waamuzi wote waliokuja nyuma yangu nimewafundisha mimi. Wachezaji wote walijifunza kwangu. Ngumi ya sifuri wazee waliivumilia, lakini mkono wa kushoto kutangulia, hapana. Na mimi, nitawaambia ukweli, nilijivuna. Nilijiona nimeupa mchezo wa wageni adabu ya nyumbani. Miaka ikapita kumi na kitu, kile kitabu kisicho na jalada kililiwa na mchwa, nikasahau kabisa kwamba mikono hiyo ilikuwa yetu sisi peke yetu.

Katika miaka hiyo alikuja Muteba. Mama yake, Mama Ntumba, alikuwa akileta bidhaa kutoka Mokambo, kule mpakani, na mtoto aliishi huko huko kabla ya kuhamia hapa mjini na kuingia shuleni kwangu akiwa bado mdogo. Wakati wa kisa hiki alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mwembamba, mwenye jicho sijawahi kuona jingine kama lile. Alikuwa na tabia moja tu iliyotupa shida: alikuwa anahangaika na hesabu kichwani. Kila mara anajiuliza, ni mbili au moja? Nikamkalisha nikamwambia, na nilimwambia mbele ya timu yote: “Muteba, usiamini kichwa yako. Amini mikono ya arbitre.” Akaliweka neno hilo moyoni: mikono ya mwamuzi. Alikuwa mtu wa kuweka neno.

Ukaja mchezo wa Mokambo. Timu yetu na timu ya upande wa Zambia, mshindi anaenda kwenye mashindano makubwa kusini. Uwanja ulikuwa karibu na mahali malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka. Mwamuzi alikuwa wa kwao, mtu mwema, lakini anasema Kiingereza chini ya barakoa, anainua vidole akiulizwa tu, na honi za malori juu yake. Mimi nilikaa benchini kama mkubwa wa msafara, na kofia mpya.

Kipindi cha mwisho. Tumebakiza mtu mmoja wa kupiga, tuko nyuma kwa pointi moja, na wenzetu wawili wamesimama vituoni, tayari kukimbia hadi kibaoni kuleta pointi. Mpigaji ni Muteba. Akipiga moja tu katikati, tunasafiri. Mrusho wa kwanza, juu sana, boli, hakuna ubishi. Wa pili ukaja chini, pale pale gotini. Mwamuzi akasema kitu, lori likapiga honi, hatukusikia. Wa tatu Muteba akaupiga kwa nguvu zake zote, ukaenda pembeni, ukapita ukuta, ukaangukia katikati ya malori. Na mpira mzuri ulikuwa huo mmoja tu.

Wachezaji wote wa pande mbili wakakimbia kuutafuta. Walikuwa wanatambaa chini ya matrela, madereva wanawafokea, askari anataka kujua kama mpira una karatasi za forodha. Ilichukua muda wa kupika ugali ukaiva. Uwanjani tulibaki mwamuzi, Muteba, na mimi benchini. Wale vijana wa Zambia waliokuwa wanapita, Muteba aliwajua tangu utotoni. Wakataniana kwa Kibemba, wakacheka. Kisha akamgeukia mwamuzi, akamwonyesha mikono yake kama anauliza: hesabu?

Mwamuzi akainua mikono. Kushoto kidole kimoja. Kuume vidole viwili.

Muteba akatikisa kichwa, amesikia. Na mimi benchini nikatikisa changu. Boli mbili, straiki moja. Nafasi ya kungoja ipo. Nikamfanyia hata ishara ya mkono: tulia, chagua unaoupenda.

Mpira ukapatikana, watu wakarudi, mrushaji akarusha. Ukaja gotini, mzuri, dirishani. Muteba akauangalia ukipita, gongo begani, ametulia kabisa. Mwamuzi akapiga kelele na kukunja ngumi hewani. Wazambia wakaanza kurukaruka na kukumbatiana.

Niliruka kwenda kubishana. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kusema hiyo ni ya pili, si ya tatu. Mwamuzi, kwa upole, akainua tena mikono yake ili nione: kushoto kidole kimoja, kuume vidole vitatu. Nikakiona akilini kile kitabu cha Papa Kabwe, ukurasa wenyewe, na picha ya mtu wa mikono miwili. Nikafunga kinywa. Muteba alikuwa amesimama kando yangu, naye alikuwa anaiangalia mikono ile ile.

Safari ya kurudi nilikaa mbele na dereva. Nyuma, ndani ya lori, nilisikia yote. Kyungu, kapteni wetu, alianza polepole.

“Straiki mbili, kila muntu aliona. Weye unasimama sawa vile unangoja bus?”

Muteba akainamia kamba za viatu vyake, na Kyungu akaendelea:

“Na mulikuwa munacheka nini na bale ba Zambie?”

Mwingine akalisema lile neno. “Ameuzisha match.”

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Ningegonga kioo cha nyuma, ningesema: mikono niliyowafundisha imegeuzwa, kosa ni langu. Sikugonga kioo. Nilijiambia tutafika kwanza. Tulipofika nikajiambia wacha watulie. Ukweli ni kwamba niliona haya. Mkubwa wa waamuzi, miaka yote hiyo, kofia mpya, halafu hajui kushoto na kuume! Vijana, nawaambia, haya ya mtu mzima ni kitu kibaya, inaongea kwa sauti ya busara.

Wiki sita nilinyamaza. Muteba hakuitwa tena mazoezini. Sokoni wakamwita mama yake “mama wa muuza-match”, na wateja wengine wakahamia meza ya jirani. Kijana mwenyewe akaenda Sakania, kupakia mizigo kwa tajiri mmoja wa Kivu mwenye malori. Yule mwenye jicho lile, anapakia magunia. Nami kila Jumamosi navaa barakoa yangu, nasema boli, nasema straiki, watu wananiamini.

Jumapili moja, baada ya misa, Mama Ntumba akanisimamisha mlangoni mwa kanisa. Hakupiga kelele. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

“Maître, weye ulikuwa pale. Nauliza tu jambo moja. Mutoto yangu aliuzisha?”

Watu walikuwa wanapita, wananisalimu. Nikasema, “Mama, mambo ya mchezo ni magumu.”

Aliniangalia. Akauachia mkono wangu, akasema aksanti, akaenda. Jamani, matusi ningeyavumilia. Ile aksanti ilinifuata hadi nyumbani, ikakaa nami mezani. Marie-Joséphine akauliza nina nini, nikamwambia yote, na yeye hakunipa hata neno moja la kunifariji. Alisema tu, “Samedi utasema, ao miye njo nitasema.”

Jumamosi nikasimama juu ya kibao, timu mbili zipo, watu wa mtaa wapo, Mama Ntumba nilikuwa nimemtumia habari aje. Nikavua barakoa maana kuungama ndani ya nondo haifai. Nikasema kile kilichotokea Mokambo, mkono kwa mkono, kidole kwa kidole. Nikasema Muteba aliamini mikono ya mwamuzi kama nilivyomwamuru, na mikono niliyomfundisha ilikuwa ya uongo. Papa Mukendi sikumtaja, ingawa alikuwa amekaa pale. Yeye aliomba heshima, hakuniomba nisahau kitabu. Nikasema, “Muteba hakuuzisha kitu. Ni miye. Na nilijua siku ile ile, nikanyamaza.”

Kelele zilizopigwa sitawaelezea. Wengine walitaka nivuliwe ukubwa, na walikuwa na haki. Kyungu aliketi chini, akajifunika uso kwa kofia. Mama Ntumba alisimama tu, akakunja khanga yake vizuri kiunoni, akaenda sokoni kufungua meza.

Muteba alikuja wiki iliyofuata, juu ya lori la mizigo, bado ana vumbi la saruji kwenye nyusi. Nilimkuta kwa mama yake. Kijana ndiye aliyeanza kusema.

“Nilijua, Maître. Pale pale Mokambo. Ile arbitre alipoinua tena mikono, nikaona.”

“Ulijua? Na sababu gani haukusema?”

“Niseme nini? Mbele ya bantu bote niseme Maître njo alitufundisha mubaya? Weye ulinifundisha kusoma saa, ulinifundisha kuogelea.” Akainua mabega. “Nikasema mu roho, Maître ni muntu mukubwa, atasema yeye mwenyewe. Nikangojea.”

Kisha akasema, bila hasira, na ndiyo maana iliuma: “Ulikawia, Maître.”

Nililia. Sioni haya kuwaambia. Nililia mbele ya kijana wa miaka ishirini na miwili na mama yake, na mama yake akaniletea maji.

Mikono tuliigeuza. Ilichukua mwezi mzima wa mazoezi, na Papa Mukendi mwenyewe alihamisha kiti chake kwenda pembeni ili asiuone ule wa kushoto. Na Muteba akarudi.

Mchezo wake wa kwanza ulikuwa hapa hapa, dhidi ya timu ya Kampemba. Watu walijaa. Mama Ntumba, ambaye hakuwa amewahi kuukanyaga uwanja huo ila siku ile niliyomwita, alikaa mbele na wanawake wenzake wa soko. Mimi nilikuwa nyuma ya mdakaji, maana lile baraza la parokia lilisema niadhibiwe kwa kuendelea kufanya kazi. Muteba akaingia, akanisalimu, akachukua nafasi yake. Boli. Straiki. Boli. Akapiga mmoja pembeni. Boli tena. Tatu na mbili. Hakuna tena nafasi kwa yeyote, si kwake, si kwa mrushaji.

Mrusho ukaja kwenye kona ya dirisha, chini, gotini. Muteba alizungusha gongo nusu, akalizuia. Mpira ukaingia kwenye glovu.

Nilitaka iwe boli. Sikilizeni vizuri: sijawahi kutaka kitu uwanjani kama nilivyotaka hicho. Neno lilikuwa karibu, fupi, na hakuna ambaye angenilaumu. Wangesema mzee amelipa deni lake. Nilimwona mama yake mbele ya macho yangu. Nikalitaja jina la mke wangu moyoni, lote, mpaka mwisho. Na mpira ulikuwa umepita dirishani.

“Straiki!”

Muteba akageuka akaniangalia.

“Ilipita, Maître?”

“Ilipita.”

Akafikiri kidogo. “Bon,” akasema, akageuka kwenda kukaa.

Alitembea hatua labda kumi katika ukimya wa uwanja, gongo mkononi. Nilikuwa nasikia viatu vyake juu ya changarawe na nilikuwa naogopa lile neno, “ameuzisha”, kutoka upande wowote. Ndipo mwanamke mmoja wa sokoni akapaza sauti: “Muteba! Gongo ni ya kupiga, haina ya kutembeza!” Watu wakaangua kicheko, kile kicheko cha Jumamosi ambacho kila mpigaji aliyetolewa anakipata. Kyungu akasogea kwenye benchi akampa nafasi na chupa ya maji. Mama Ntumba alikuwa anacheka kuliko wote, anapiga mapaja yake, na anamwambia jirani yake, “Njo mutoto yangu ule, anasimama tu, anaangalia mupira!”